Kuzimwa kwa Mfumo wa Barua Pepe na Hatima ya Kumbukumbu za Umma: Mafunzo kutoka Ikulu ya Marekani, 1986–2009

Ikisiri

Makala haya yanachunguza yanayozipata kumbukumbu za umma pale ofisi ya serikali inapojiandaa kuzima mfumo wake wa zamani wa barua pepe. Mfano unaochambuliwa ni wa Ikulu ya Marekani, ambako maandalizi ya namna hiyo yalifanyika mara tatu katika kipindi kisichozidi miaka 15: Januari 1989, Januari 1993, na kati ya 2002 na 2003. Mara zote tatu, uamuzi kuhusu kitakachobaki na kitakachopotea ulichukuliwa kama suala la kiufundi, na mara zote tatu suala hilo liliishia mahakamani. Makala yanajenga hoja kwamba kuzima mfumo ni tendo la kiutunzaji kumbukumbu kabla ya kuwa tendo la kiteknolojia. Aidha, yanaonesha kwamba sheria za nyaraka za Afrika Mashariki, zilizojengwa juu ya uhai mrefu wa jalada la karatasi, zinahitaji kuzingatia uhai mfupi wa mifumo ya kidijiti.

1. Utangulizi

Katika ofisi za serikali za Afrika Mashariki, masijala ilikuwa moyo wa utawala. Barua iliyoingia ilipigwa muhuri, ikaandikwa katika rejesta, ikapewa namba ya ukurasa ndani ya jalada, kisha jalada likapelekwa kwa afisa aliyehusika. Afisa aliandika dokezo, akalirudisha jalada, na mtumishi wa masijala akalirejesha kabatini. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na wengi waliulalamikia kwa ucheleweshaji. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja ambayo thamani yake ilionekana pale tu ilipotoweka: aliyeandika waraka hakuwa mwenye mamlaka ya kuuharibu. Kati ya mwandishi na tanuri alisimama mtu wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza.

Barua pepe ilimwondoa mtu huyo wa tatu. Afisa aliandika, akatuma, akapokea na akafuta bila kupita masijala. Kwa muda mrefu mabadiliko hayo hayakuleta taharuki, kwa kuwa ujumbe ulionekana kuendelea kuwepo ndani ya kompyuta. Swali halisi lilijitokeza siku kompyuta yenyewe ilipotakiwa kuzimwa. Hapo ndipo ofisi zilipogundua kwamba zilikuwa zimejenga ghala kubwa la nyaraka bila mtunzaji, bila orodha na bila utaratibu wa kukabidhiana. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano wa Ikulu ya Marekani unaonesha jinsi methali hiyo inavyohusu hata mali iliyoandikwa kwa umeme.

Mfano huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa matukio ya mapema ambapo mahakama ililazimika kuamua kama barua pepe ya kazini ni kumbukumbu ya umma. Pili, kwa kuwa mgogoro ulipita mahakamani, hatua za maandalizi ambazo kwa kawaida hufanyika kimya katika chumba cha seva zimebaki katika kumbukumbu za wazi.

2. Mfumo na watumiaji wake

Mfumo uliohusika uliitwa PROFS, uliotengenezwa na kampuni ya IBM. Ulianza kwa majaribio katika Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani mwezi Aprili 1982. Kufikia Aprili 1985 ulikuwa ukitumika katika Baraza lote, na Novemba 1986 matumizi ya barua pepe yalikuwa yameenea katika Ikulu nzima. Rais Ronald Reagan alikuwa pia rais wa kwanza kuhusika na Sheria ya Kumbukumbu za Rais ya 1978, iliyotamka kwamba kumbukumbu za urais tangu 20 Januari 1981 ni mali ya umma wala si mali binafsi ya aliyeshika madaraka. Ofisi nyingine za serikali kuu ziliongozwa na Sheria ya Kumbukumbu za Serikali ya 1950.

Hivyo sheria ilikuwepo kabla ya mfumo. Kilichokosekana ni daraja kati yake na mazoea ya kazi. Watumishi walielekezwa kwamba ujumbe wenye uzito uchapishwe kwenye karatasi na kuwekwa katika jalada. Ujumbe uliobaki ndani ya kompyuta ulichukuliwa kuwa sawa na mazungumzo ya simu. Kwa maneno mengine, karatasi iliendelea kuwa kumbukumbu, na kompyuta ikawa chombo cha kupitishia maneno tu.

Mazoea yalikuwa tofauti na maelekezo. Mfumo huo ulirahisisha mawasiliano ambayo yasingefanyika kwa waraka rasmi. John Poindexter, aliyekuwa Mshauri wa Rais wa Usalama wa Taifa, alimfungulia Luteni Kanali Oliver North njia mahususi ndani ya PROFS iliyomwezesha kumwandikia moja kwa moja bila kupitia ngazi za kawaida. Kupitia njia hiyo zilijadiliwa shughuli ambazo baadaye ulimwengu ulizijua kama kashfa ya Iran-Contra: kuiuzia Iran silaha kwa siri, na kuelekeza sehemu ya faida kwa waasi wa Nikaragua.

3. Novemba 1986: kufuta na kusalia

Kashfa ilipoanza kufichuka mwezi Novemba 1986, wahusika wakuu wawili walirudi katika kompyuta zao. Kati ya tarehe 22 na 29 mwezi huo, Poindexter alifuta jumbe 5,012 na North akafuta 736. Kwa mtazamo wao, kazi ilikuwa imekamilika. North mwenyewe alieleza mbele ya Bunge mwaka 1987 kwamba walidhani ujumbe uliofutwa umetoweka, na kwamba walikosea.

Kilichowakosesha hakikuwa sheria wala mtunza nyaraka. Mafundi wa mawasiliano wa Ikulu walikuwa na desturi ya kunakili yaliyomo katika mfumo kwenye kanda za sumaku, ili kompyuta ikiharibika kazi iweze kurejeshwa. Kanda hizo zilitumika kwa zamu: baada ya muda, kanda ya zamani iliandikwa upya juu yake. Zile za Novemba 1986 zilitengwa kabla ya kuandikwa upya, na jumbe nyingi zilizodhaniwa kufutwa zikapatikana humo. Tume iliyoongozwa na John Tower, ambayo ilitoa taarifa yake Februari 1987, ilizitumia jumbe hizo kwa kiasi kikubwa kueleza mlolongo wa matukio.

Tukio hili linahitaji kutafsiriwa kwa uangalifu. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mfumo wa kidijiti hausahau. Ukweli ni kinyume chake. Mfumo ulisahau kwa ratiba, na kilichookoka kiliokoka kwa sababu kashfa iliwahi kabla ya zamu ya kanda. Fundi, bila kukusudia na bila kupewa madaraka hayo, alikuwa ameshika nafasi iliyoachwa na mtumishi wa masijala.

4. Januari 1989: mkesha wa makabidhiano

Mwisho wa utawala wa Reagan ulipokaribia, maandalizi ya kuwapisha watumishi wapya yalihusisha kuisafisha kompyuta, zikiwemo kanda za nakala. Kwa wahandisi hili lilikuwa jambo la kawaida: mtumiaji anapoondoka, nafasi yake hufutwa. Aliyeingia madarakani alikuwa George H. W. Bush, Makamu wa Rais aliyetoka katika serikali hiyo hiyo, hivyo hapakuwa na uhasama wa vyama ambao ungeweza kuibua maswali ndani ya Ikulu.

Maswali yalitoka nje. Taasisi huru ya utafiti iitwayo National Security Archive, iliyoanzishwa Washington mwaka 1985 na isiyo sehemu ya serikali, ilipata habari za mpango huo. Tarehe 19 Januari 1989, siku moja kabla ya kuapishwa kwa rais mpya, taasisi hiyo pamoja na mwanzilishi wake, mwanahabari Scott Armstrong, na wenzao waliwasilisha shauri mahakamani. Jioni ya siku hiyo Jaji Barrington Parker alitoa zuio la muda, na kanda zikanusurika kwa saa chache tu.

Hoja ya serikali ilikuwa na mantiki yake, na haifai kupuuzwa. Ilidai kwamba kila chenye umuhimu kilikwisha kuchapishwa. Kwamba kilichobaki ni gumzo la ofisini. Na kwamba kulazimisha serikali itunze kila kilichopita katika kompyuta kungekuwa mzigo usio na mwisho. Afisa yeyote wa leo anayesimamia seva iliyojaa atazitambua hoja hizo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amekagua kama kweli vyenye umuhimu vilichapishwa. Uamuzi wa kufuta ulitegemea utii wa watumishi kwa agizo ambalo utekelezaji wake haukuwahi kupimwa, na mifano ya 1986 ilikuwa imeonesha kwamba jumbe nzito kuliko zote ndizo ambazo mwandishi wake hangetaka kuzichapisha.

5. Karatasi na kompyuta mbele ya mahakama

Shauri lilidumu miaka kadhaa na kupita mikononi mwa Jaji Charles Richey. Katika uamuzi wake wa tarehe 6 Januari 1993, alikataa dhana kwamba karatasi iliyochapishwa ni mbadala kamili wa ujumbe wa kompyuta. Karatasi iliyotoka katika PROFS mara nyingi haikuonesha ni nani hasa waliopelekewa ujumbe. Palipoandikwa jina la kundi, orodha ya waliomo ilibaki ndani ya kompyuta. Palipoandikwa alama ya mtumiaji, jina halisi lilikuwa katika saraka ya mfumo. Uthibitisho kwamba ujumbe ulipokelewa, na saa ulipopokelewa, nao haukuchapishwa.

Mwezi Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufaa iliuunga mkono msimamo huo, ikieleza kwamba nakala ya karatasi na ujumbe wa kompyuta ni ndugu wa karibu lakini si mapacha. Kauli hiyo ina uzito kwa mwanahistoria. Katika uchunguzi wa utawala, swali la msingi mara nyingi si nini kilisemwa, bali ni nani alijua na alijua lini. Majibu ya swali hilo ndiyo yaliyokuwa katika sehemu ya ujumbe ambayo mashine ya kuchapisha iliiacha.

Ushindi huo haukuwa kamili. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa si wakala wa serikali kwa maana ya sheria ya upatikanaji wa taarifa, hivyo kumbukumbu zake zikabaki chini ya utaratibu wa kumbukumbu za rais, ambao hufunguka polepole zaidi. Pamoja na hayo, msingi ulikwisha kuwekwa: barua pepe ni kumbukumbu, na kuiharibu kunahitaji idhini sawa na ile ya kuharibu jalada.

6. Usiku wa 19 Januari 1993

Majaribio ya pili yalikuja upesi. Bush alishindwa katika uchaguzi wa 1992, na safari hii makabidhiano yalikuwa baina ya vyama viwili vinavyoshindana. Mahakama ya Rufaa iliruhusu kompyuta za Ikulu zisafishwe kwa sharti kwamba taarifa zilizomo zihifadhiwe kwanza. Usiku wa kuamkia siku ya kuapishwa kwa Bill Clinton, watumishi wa Idara ya Nyaraka ya Taifa walikusanya na kuhamisha maelfu ya kanda na diski kwa haraka, katika mazingira yasiyoruhusu kuorodhesha kwa utulivu.

Usiku huo huo, Mtunza Nyaraka Mkuu wa Taifa, Don Wilson, alitia saini makubaliano yaliyompa Bush udhibiti wa kumbukumbu hizo za kompyuta hata baada ya kuondoka madarakani. Muda mfupi baadaye Wilson alijiuzulu na kuteuliwa kuongoza kituo cha Bush katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Makubaliano hayo yalibatilishwa na Jaji Richey mwaka 1995 kwa kuwa yalikwenda kinyume na msingi wa sheria ya 1978.

Jambo lenye mafunzo zaidi pengine ni lile lisilo na mvuto wa kisiasa. Mwezi Mei 1993 Jaji Richey aliona kwamba serikali mpya na idara ya nyaraka zilikuwa zimeidharau mahakama kwa kutochukua hatua za kutosha kuzitunza kanda na kutoa miongozo mipya. Mahakama ya Rufaa iliiondoa amri hiyo, lakini tatizo lenyewe lilikuwa la kweli. Kanda za sumaku huchakaa. Kuzisoma kunahitaji mashine na programu zile zile zilizoziandika. Idara ya nyaraka, iliyozoea kupokea masanduku ya karatasi yenye orodha, ilikuwa imekabidhiwa shehena ya nakala za dharura ambazo hazikuwahi kukusudiwa kusomwa ujumbe kwa ujumbe. Kuokoa kanda na kuokoa kumbukumbu vilikuwa vitu viwili tofauti.

Hata hivyo, jitihada hizo zilizaa matunda. Mwaka 1995 Tom Blanton, wa taasisi ile iliyofungua shauri, alichapisha mkusanyo wa jumbe za enzi ya Reagan zilizookolewa. Watafiti wa sera ya nje ya Marekani ya miaka ya 1980 waliweza kusoma maneno ya waamuzi jinsi yalivyoandikwa siku yenyewe, kabla hayajapambwa kwa ajili ya jalada.

7. Uhamisho wa 2002–2003

Kutokana na hukumu hizo, serikali ya Clinton ilianzisha mwaka 1994 mfumo wa utunzaji uliojulikana kwa kifupisho ARMS, ulioziteka jumbe za Ikulu na kuzihifadhi bila kumtegemea mwandishi. Kwa mara ya kwanza masijala ilikuwa imejengwa upya ndani ya kompyuta. Ilionekana kwamba tatizo limekwisha.

Lilirudi kwa mlango mwingine. Kati ya 2002 na 2003, chini ya Rais George W. Bush, Ikulu ilihama kutoka programu ya Lotus Notes kwenda Microsoft Exchange. ARMS haikufanya kazi ipasavyo na programu mpya. Badala ya kusubiri mbadala uliokamilika, ofisi iliweka utaratibu wa muda ambapo jumbe zilinakiliwa kwenye mafaili ya kuhifadhia kwa hatua zilizotegemea mikono ya mafundi. Wakati huo huo, kanda za nakala ziliendelea kuandikwa upya hadi Oktoba 2003. Hivyo kinga mbili zilikosekana kwa pamoja: masijala ya kidijiti ilikuwa imeachwa, na nakala za dharura zilikuwa zikifutwa.

Mwaka 2005 uchambuzi wa ndani ulionesha siku 473 ambazo kwazo sehemu moja au nyingine ya Ikulu haikuwa na ujumbe wowote katika hifadhi. Januari 2006 mwendesha mashtaka maalumu Patrick Fitzgerald, aliyekuwa akichunguza kufichuliwa kwa jina la jasusi wa CIA, alieleza katika barua kwa mawakili wa utetezi kwamba baadhi ya barua pepe za 2003 hazikuwa zimehifadhiwa kwa utaratibu wa kawaida. Ikajulikana vilevile kwamba baadhi ya maofisa walitumia akaunti za chama chao kwa mawasiliano yaliyohusu kazi za serikali, na kwa hiyo hata mfumo bora kiasi gani usingeyanasa.

Mashauri mawili yalifunguliwa mwaka 2007. Yalimalizika kwa makubaliano mwezi Desemba 2009, ambapo serikali ilikubali kurejesha jumbe za siku 94 zilizochaguliwa, na ikatangazwa kwamba jumbe milioni 22 zilizodhaniwa kupotea zilikuwa zimepatikana, nyingi zikiwa zimepewa lebo zisizo sahihi. Tofauti ya tukio hili na lile la 1989 ni muhimu. Hapa mahakama haikuhitaji kuthibitisha njama ya kuficha ili kueleza hasara. Mpango mbovu wa uhamisho ulitosha kuleta pengo lile lile ambalo kufuta kwa makusudi kungelileta.

Jibu la kisera lilikuja baadaye. Agizo la Agosti 2012 lilizitaka ofisi za serikali kuu ya Marekani zisimamie barua pepe zake zote kwa njia ya kielektroniki ifikapo 31 Desemba 2016. Mwaka 2013 idara ya nyaraka ilianzisha utaratibu uitwao Capstone, unaoamua muda wa kuhifadhi kwa kuangalia cheo cha mwenye sanduku la barua badala ya kumtaka kila mtumishi apime kila ujumbe: barua za viongozi wa juu hutunzwa daima, na za watumishi wengine hutunzwa kwa muda maalumu, kisha huharibiwa kwa idhini. Utaratibu huo haukosi kasoro, kwani uamuzi mzito unaweza kuandaliwa na mtumishi wa ngazi ya chini. Lakini unakubali ukweli ambao agizo la miaka ya 1980 la kuchapisha liliukwepa: mtumishi mwenye kazi nyingi hawezi kuwa masijala yake mwenyewe.

8. Afrika Mashariki: jalada la miaka 30 na mfumo wa miaka 10

Hatari ya saa ya makabidhiano si ngeni katika eneo hili. Kabla ya uhuru, utawala wa Kiingereza nchini Kenya ulitenganisha majalada ambayo serikali mpya ingeyarithi na yale ambayo haikutakiwa kuyaona. Mengine yaliharibiwa na mengine yakasafirishwa Uingereza. Takriban majalada 1,500 yaliyohusu Kenya yalikuja kukiriwa mwaka 2011 tu, wakati wa shauri la wazee walioteswa katika kipindi cha Mau Mau, kuwa yalikuwa yakitunzwa Hanslope Park. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Kwa nusu karne, haki ya watu hao ilikuwa imefungiwa katika uamuzi wa afisa aliyekuwa akifunga ofisi yake.

Barua pepe za kazini zilianza katika eneo hili mapema miaka ya 1990, zikiwemo zile za mtandao wa ESANET uliounganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam na vile vya Zambia na Zimbabwe kwa njia ya simu. Baada ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, mawasiliano ya serikali yalihamia kwa kasi katika mifumo ya pamoja inayosimamiwa na mamlaka za serikali mtandao. Kila mfumo wa pamoja unaozinduliwa una maana kwamba mifumo ya zamani ya wizara na mashirika inazimwa.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, ya mwaka 1965. Uganda ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2001. Tanzania ina Sheria Namba 3 ya 2002 ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka. Haki ya kupata taarifa imewekewa sheria Uganda mwaka 2005, Rwanda mwaka 2013, na Kenya na Tanzania mwaka 2016. Pengo liko katika mwendo wa wakati. Kwa Kenya na Tanzania, nyaraka za taifa hufunguliwa kwa umma kwa kanuni ya miaka 30. Jalada la karatasi linaweza kusubiri muda huo kabatini, hata likisahauliwa. Ikulu ya Marekani ilipita katika vizazi kadhaa vya barua pepe kati ya 1982 na 2003, yaani miaka 21. Kwa mwendo huo, ujumbe ulioandikwa leo utalazimika kuhamishwa mara kadhaa kabla mtafiti hajaruhusiwa kuusoma, na kila uhamisho ni nafasi ya kupotea. Haki ya kupata taarifa haina maana pale jibu la kweli linapokuwa kwamba seva ilizimwa.

Wakati huo huo, kutunza kila kitu si suluhisho. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda za 2019, Rwanda ya 2021 na Tanzania ya 2022 zinataka taarifa za watu zisihifadhiwe kupita haja. Ofisi inayozima mfumo hukabiliwa na wajibu mbili zinazovutana, na ni kwa sababu hiyo uamuzi hauwezi kuachiwa mzabuni wala fundi.

9. Hitimisho

Historia iliyochambuliwa inathibitisha mambo manne yenye uzito kwa watunga sera. La kwanza ni kwamba nakala ya dharura si hifadhi ya nyaraka: iliwaumbua waliofuta mwaka 1986, lakini mwaka 2003 ilikuwa ikifutwa wakati ilipohitajika. La pili ni kwamba maudhui bila muktadha ni nusu ya kumbukumbu; orodha za watumiaji, makundi na saa za kupokea zinapaswa kuhamishwa pamoja na jumbe. La tatu ni kwamba mfumo wa zamani hautakiwi kuzimwa kabla ya ule mpya kuthibitishwa kwa majaribio kwamba unatunza na unarudisha kilichotunzwa. La nne ni kwamba anayeondoka asiwe mwamuzi pekee wa kinachobaki, awe ni kiongozi anayemaliza muda au kitengo cha teknolojia kinachobadilisha programu.

Hatua moja ya kisheria ingeweza kuyabeba yote manne: kuifanya idhini ya maandishi ya mtunza nyaraka wa taifa kuwa sharti la kuzima mfumo wowote wa mawasiliano wa ofisi ya umma, kama ilivyo idhini ya kuharibu majalada. Sharti hilo lingemrudisha mtu wa tatu kati ya mwandishi na tanuri. Gharama yake ni muda na watumishi wenye ujuzi. Gharama ya kulikosa imekwisha kulipwa kwingine: mashauri yaliyodumu miaka, kanda zilizookolewa bila kusomeka kwa urahisi, na siku 473 ambazo ofisi kuu ya taifa lenye nguvu ilishindwa kuonesha ilichokiandika.